Mwalimu wa Mezani

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana wakiusimulia wengine wanauongezea chumvi. Mimi ndiye niliyewaambia watu wa kijiji chetu cha Bashay kwamba ile familia ya wageni wa kutoka nje ya nchi imetengwa.

Kwetu, zamani, nyumba ikipatwa na msiba wa aina fulani, watu wake walikaa peke yao kwa muda. Hawakupeana mikono na mtu, hawakuomba moto kwa jirani, na hata ng'ombe wao hawakunywa maji pamoja na wa wengine. Siku hizi tumebatizwa karibu wote na tunasema hayo ni mambo ya wazee, lakini ukipita karibu na nyumba unayoidhania iko hivyo, miguu yenyewe inahamia upande wa pili wa njia bila kukuuliza.

Sasa wageni wale walihamia nyumba ya bati la bluu, ng'ambo ya shamba langu la vitunguu swaumu. Baba alikuwa mtu wa visima. Jumatatu anaondoka kwenda Masakta huko Hanang, Ijumaa anarudi na matope. Mama alibaki na watoto watatu, wa kike wawili na mvulana mmoja. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, mke wangu husema nimeota mizizi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwatazama. Jumatatu watoto hawakwenda shule. Jumanne hawakwenda. Kila asubuhi walitoka nje, wakasimama mstari mmoja, wakarudi ndani kimya. Siku ya Jumatano nikaenda kusalimia. Mama akafungua mlango, nikanyoosha mkono, yeye akauficha wa kwake nyuma ya mgongo.

Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia. "Wale wamefiwa," nikamwambia mke wangu. "Tena vibaya."

Mke wangu akamwambia Mama Bura, jirani yetu wa upande wa juu, na ukishamwambia Mama Bura huna haja ya kutangaza kanisani. Mwezi mzima hakuna mtu aliyekanyaga ua ule. Tulipita mbali, tumeinamisha vichwa, kwa heshima kubwa. Yule mama, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa anatuona dirishani tukipita hivyo na kulia, akijiuliza ametukosea nini.

Mwisho katekista wetu alijipa moyo, akavaa koti, akaenda kutoa pole.

"Poleni sana na msiba."

"Nani amekufa?" mama akauliza, amepauka.

Katekista akafikiri kidogo. "Ndicho nilichokuja kuuliza."

Mkono aliuficha kwa sababu ulikuwa mweupe kwa chaki. Watoto hawakwenda shule kwa sababu shule ilikuwa mle ndani, kwenye meza ya kulia chakula, na mwalimu alikuwa yeye. Ndiyo tukamwita Mwalimu wa Mezani, ili tusimchanganye na walimu wa shule ya msingi ambao wana madawati, ingawa hayatoshi. Na alipojua chanzo cha uvumi ni nani, alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Wewe ni mtu wa maneno mengi. Tafadhali, utafundisha watoto wangu Kiswahili." Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Siku tatu kwa wiki, miaka minne.

Kuna jambo moja ambalo Bashay nzima ililijua kuhusu nyumba ile, na ndilo lililomnyima yule mama usingizi. Kila mwaka, watu wa elimu wa nchi yake waliwapima wale watoto kwa kompyuta. Wakionekana wako nyuma ya wenzao wa kule, basi, familia inafunga mizigo na kurudi. Yeye hakutaka kurudi. Alishapanda miparachichi. Alishajua jina la kila nguruwe wa Mama Bura. "Wakifeli, tunarudi," alikuwa anasema, na alisema hivyo akisuka nywele za binti yake, akipalilia, akinunua sabuni dukani. Muuza duka, ambaye ni Mwislamu mwenye asili ya Kondoa na hana habari na mitihani ya mtu, alifika mahali anamuuliza, "Mwalimu, tunafaulu mwaka huu au hatufaulu?"

Kwa sababu hiyo aliendesha shule kama jeshi. Kengele alikuwa nayo, ya shaba, ya kushika mkononi, kwa wanafunzi watatu ambao wote walikuwa wanamwona. Kabla ya kengele alikuwa Mama. Baada ya kengele alikuwa Mwalimu, na ole wako umwite vinginevyo. Siku moja mdogo wao, yule mvulana, alianguka na kiti akajigonga goti, akalia, "Mama!" Mwalimu hakugeuka.

"Mama hayupo hapa," akasema. "Hapa yupo Mwalimu. Unasemaje?"

"Mwalimu," mtoto akasema kwa kwikwi, "namtaka mama."

Mwalimu akainuka, akapiga kengele, akapiga magoti, akamkumbatia mtoto, akampuliza goti, akamfuta machozi na aproni. Halafu akainuka, akapiga kengele tena. "Haya. Tarehe kwanza."

Hiyo ilikuwa kauli yake: tarehe kwanza. Huwezi kuandika neno lolote mle ndani kabla ya tarehe. Alisema kosa ni kosa, lakini kosa lisilo na tarehe ni makosa mawili. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, nacho kikanimaliza, nilijikuta naandika tarehe juu ya karatasi ya kununulia chumvi.

Ripoti za watoto alijaza kwa wino mwekundu kama mwalimu wa darasa. Kisha alizipeleka jikoni, akazisoma kama mzazi, akakunja uso, akaandika chini kwa wino wa bluu: "Nimeona. Tutazungumza naye nyumbani." Kikao cha wazazi alikiitisha mara mbili kwa mwaka. Wazazi walikuwa wawili na mmoja wao ndiye mwalimu, kwa hiyo aliyetakiwa kuhudhuria alikuwa mtu mmoja tu, baba, naye mvua ya Hanang ilimkwamisha njiani. Aliporudi siku ya pili alikuta barua mezani inayomtaka aeleze kwa nini wazazi wa siku hizi hawajali maendeleo ya watoto wao. Alijibu kwa maandishi. Aliisahau tarehe, ikarudishwa.

Sisi tulicheka sana, lakini tulicheka kwa uangalifu, maana kwetu kikao cha wazazi mada ni ileile kila mwaka, choo cha shule, na hatuhudhurii.

Kilichotutatiza hasa ni fimbo. Hakuwa nayo. Mama Bura alichungulia dirishani asubuhi tatu kuthibitisha, akanijia akiwa na wasiwasi wa kweli.

"Anawafundishaje?"

"Anawaeleza."

"Wasipoelewa?"

"Anawaeleza tena."

"Basi hao watafeli, warudi kwao, na nguruwe wangu atakosa makombo yao," akasema. Kesho yake akakata fimbo nzuri, akaimenya gamba, akaipitisha kwenye moshi ili isipasuke, akampelekea. "Mwalimu, nimekuletea kitendea kazi."

Mwalimu wa Mezani alishukuru kwa mikono miwili, akasema ni nzuri mno, akaenda nayo bustanini akafungia mche wa nyanya uliokuwa umelala. Mama Bura hakujua acheke au akasirike. Lakini mche ule ulizaa kuliko yote, na mpaka leo Mama Bura akitetea fimbo anautaja: "Si mliona wenyewe? Hata nyanya."

Kwa upande mwingine, mtu huyu wa kengele na tarehe alikuwa hana msimamo hata kidogo. Nguruwe akizaa, masomo yamekufa. Nilifika mara moja na somo langu la ngeli, nikakuta nyumba tupu. Wote wanne walikuwa bandani kwa Mama Bura wamelala kifudifudi kwenye majani, wanahesabu vitoto. "Hii ni hesabu," akaniambia. Walipoanza kuvipa majina, ikawa lugha. Mimi nikaambiwa nikae nione, ikawa mafunzo kazini. Makande yalikuwa somo la sehemu, theluthi moja maharage na theluthi mbili mahindi. Siku waliyochinja kuku, nilijisogeza pale kama jirani mwema saa ya chakula. Nikakuta kuku amelazwa mezani, amepasuliwa, na watoto wanachora utumbo. Walichora firigisi. Walichora ini. Wa katikati alikosea bandama, akafuta. Nilimeza mate kwa saa nzima, na kuku alipofika sahanini nilikuwa namjua mno kumla kwa raha.

Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa safi kuliko changu, na hilo ndilo lililonichosha. Alisema "tafadhali" kwa mbuzi. Alimwuliza punda wangu "hujambo" na akasubiri jibu. Aliniomba andalio la somo kabla ya kila kipindi, kimaandishi, na alilisahihisha. Bado ninalo moja, ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Jitahidi. Unapenda hadithi kuliko somo." Mke wangu alilisoma akasema amepata shahidi.

Lakini niliwafundisha kitu kimoja wale watoto, nacho nilikifundisha sawasawa: kusalimia. Niliwaambia kwetu mtu anaweza kukusamehe wizi wa mahindi, lakini ukimpita mkubwa wako bila shikamoo, umemtukana yeye na ukoo wake. Mkubwa ni nani, wakauliza. Yeyote aliyekuzidi umri, nikasema, nikaenda zangu. Jumatatu iliyofuata Mwalimu alinipokea mlangoni amekunja mikono.

"Umeanzisha serikali nyumbani kwangu," akasema.

Kumbe yule mdogo alikuwa amemwamkia dada yake mkubwa, "Shikamoo," na dada, kwa sauti nzito, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Niletee maji." Akaleta. Naye wa katikati alipoona utamu wa jambo lile akaanza kudai yake. Tangu Ijumaa mtoto yule alikuwa anabeba maji, kuni na viatu vya watu. Nikaomba radhi. Lakini niliona pia kwamba mwalimu alikuwa anazuia kicheko, na kwamba maji ya kunawa yalikuwa yamejaa ndoo zote.

Katika miaka hiyo minne nilimwona ameishiwa nguvu mara moja tu, na ilikuwa wiki moja kabla ya ule mtihani wa mwisho, wa binti mkubwa. Nilifika mapema. Watoto walikuwa bado nje. Alikuwa amekaa upande wa wanafunzi, kwenye kiti cha yule binti, na mbele yake kulikuwa na karatasi ya hesabu.

"Hii siiwezi," akasema. "Nimejaribu tangu alfajiri. Yeye ameiweza jana kwa dakika tano."

"Basi atafaulu," nikasema. "Mtabaki."

"Ndiyo," akasema. "Mungu akipenda." Akachukua kalamu, akaijaribu tena ile hesabu, na nilitoka nje nikasubiri na watoto, maana kuna vitu si vizuri kumwona mwalimu akifanya.

Siku ya mtihani wenyewe mtandao ulikuwa umepotea Bashay nzima isipokuwa kilimani, nyuma ya kigango, kanisa letu dogo. Tukaibeba meza. Naam, ile meza yenyewe, wanaume wanne, tukaipandisha kilimani na ukungu bado haujatoka, na binti akakaa amevaa masweta mawili mbele ya kompyuta huku upepo ukimpiga. Kazi yangu ilikuwa kuzuia kelele. Niliwazuia mbuzi. Niliwazuia mbwa. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kigangoni ilinishinda, wakapunguza sauti tu, kwa hiyo mtihani mzima ulisindikizwa na besi.

Mtahini alikuwa mzee mmoja mwenye miwani, kule kwao. Alimwuliza binti mambo mengi kwa lugha yao, na mama alikuwa amejificha nyuma ya mti, ameuma kitambaa. Katikati ya maswali Mama Bura, aliyekuwa ameshindwa kuvumilia, akajitokeza nyuma ya binti, akainamia kioo.

"Shikamoo mzee! Mwonee huruma, ni mtoto mzuri, amelima na sisi."

Mwalimu nyuma ya mti akafunga macho. Mtahini akauliza jambo, nadhani huyu ni nani. Binti akajibu neno moja, kisha akaendelea kuzungumza dakika nyingi, akionyesha kwa mkono mashamba, nyumba, mlima, kigango, na nikasikia majina yetu yakipita katika lugha ile ngeni kama ng'ombe wako unapowaona katika zizi la mtu. Yule mzee aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Alifaulu. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na muuza duka alitoa soda. Mwalimu wa Mezani alicheza ngoma na akina mama kwenye ua, mtu ambaye hajui kabisa kucheza ngoma, na sisi tukajisifu kama kwamba tulikuwa tumekaa chumba cha mtihani wote, na ukifikiria vizuri, tulikuwa tumekaa.

Barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Huo aliusoma jioni. Ulisema binti amewazidi wenzake wa kule kwa mbali, na ya kwamba kwa kiwango hicho masomo ya mezani hayatamfaa tena. Nafasi imepatikana katika shule ya sekondari kule kwao, mji anakoishi shangazi yake. Uamuzi uliachwa kwa familia. Mama alisema hapana. Baba alisema tusubiri. Binti, ambaye alikuwa amefundishwa miaka mitatu kwamba swali hujibiwa kwa sentensi kamili, alisema, "Mwalimu, ninataka kwenda."

Hakusema Mama, ingawa saa za masomo zilikuwa zimepita. Hilo mama yake alinisimulia mara tatu, kila mara akiishia hapo.

Aende mwaka mmoja tu, walikubaliana, kisha arudi. Lakini mwaka uliofuata wa katikati naye alifaulu vilevile, na hakutaka kusoma mezani peke yake na mdogo wake. Na mdogo asingebaki peke yake. Baba alikuwa amesaini mkataba mpya wa visima huko Hanang, na mtu hawezi kuacha visima nusu, watu wanasubiri maji. Kwa hiyo likizo ilipoisha, mkubwa akiwa amekuja kutembea, watoto wote watatu walipanda gari la kwenda Arusha kupanda ndege, pamoja na shangazi aliyekuja kuwachukua, na mwalimu wao akabaki.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna vitunguu swaumu, alikuja kutusaidia kuvisuka kwenye ua wangu. Mimi sijabadilika, nilikuwa nimekaa palepale nilipokuwa nimekaa siku alipohamia. Yeye alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimempata upande mmoja. Kiswahili chake sasa kilikuwa kimeharibika vizuri, anakula maneno kama sisi, anasema "sa' ngapi" na "we' vipi." Alisuka mafungu matatu. Nikamwuliza habari za watoto, nikajuta.

"Wazima," akasema. "Mkubwa ni wa kwanza darasani. Wa katikati ni wa pili. Yule mdogo amesahau Kiswahili. Jana nilimpigia, nikamwambia asante kwa kupokea simu, akaniuliza asante ni nini."

Mke wangu akasema pole.  Mama Bura alikuwa amekaa kwenye gunia, anakata mizizi ya vitunguu kwa kisu, na hakuinua kichwa. Watoto wake wanne walimaliza darasa la saba, na wote wanne walirudi nyumbani siku ileile matokeo yalipotoka, na hawajatoka tena isipokuwa mnadani.

"Mimi nilikuwa naomba Mungu wafaulu," akasema Mwalimu. "Kila siku. Nilisema wakifeli, tunarudi. Sikufikiri kwamba wakifeli tungerudi wote pamoja. Mwaka ule angefeli yule mkubwa, tungekuwa kule sasa hivi, watano, mezani. Miparachichi yangu ingekauka, basi." Akashika kitunguu, akakitazama. "Nimefundisha vizuri mno. Nilikosea wapi? Niambieni. Nyinyi ni majirani zangu, mmeona yote."

  Mimi, mtu wa maneno mengi, nikaanza kusema kwamba Mungu ana mipango yake, nikaona hata mimi siamini, nikajifanya natafuta kamba.

Mama Bura akaweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mwalimu, acha hayo. Wa kwako wamefaulu, wameondoka. Wa kwangu wamefeli, wako ndani wanamaliza unga. Chukua wawili, tena uanze na yule mkubwa, ndiye anayekula sana."